Siku Tulipozika Vitabu vya Ubatizo

Majuzi, baada ya mvua za kwanza, nilikwenda kwenye ofisi ya parokia hapa Kasongo kutafuta majina ya wazazi wa bibi yangu. Binti yangu mkubwa alikuwa ameniuliza bibi huyo alizaliwa na nani, na wa kwao walitoka wapi, nikashindwa kumjibu. Sisi watu wa barabara ya Wamaza na Kabambare hatuna karatasi nyingi. Nyumba zilichomwa, masanduku yakaibwa, na wengi waliokuwa wakikumbuka wamekwisha kufa. Kilichobaki ni vitabu vya kanisa.

Sekretere wa parokia, mama mmoja mpole mwenye miwani, alifungua kabati la chuma, akatoa kitabu kipana chenye jalada jeusi na kukifunua mbele yangu. Harufu ilinifikia kabla sijasoma hata neno moja: majani makavu ya tumbako na mafuta ya taa. Nilishika ukingo wa meza, kisha nikatoka kukaa kwenye ngazi za nje, jasho likinitoka mgongoni kama mtu anayeanza homa.

Sekretere alinifuata na bilauri ya maji. "Mama, ni malaria?"

Nilimwambia si malaria, ni harufu tu.

"Ah, ile," akasema. "Vitabu vyote vya kule kwenu vinanuka vile. Tulivianika, tukavipanguza, bure. Iko muzee mumoja alivitia tumbako."

Huyo mzee alikuwa koko yangu. Koko ndilo jina tunalowaita wazazi wa wazazi wetu, wanaume kwa wanawake. Huyu alikuwa baba wa mama yangu, na alikuwa katekista wa kijiji chetu. Njia zilipoharibika na mapadri wakakimbilia Kasongo, walimwachia vitabu vya parokia nzima ndani ya sanduku la mbao. Vilikuwa vitano. Kimoja cha ubatizo, kimoja cha kipaimara, kimoja cha ndoa, kimoja cha wafu, na cha tano, kinene kuliko vyote, ni kitabu cha familia. Humo kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake: baba, mama, watoto wote kwa kufuatana, siku waliyozaliwa, mahali walikotoka wazazi. Kila mwaka kabla ya Pasaka Koko alipita mlango kwa mlango, chupa ya wino mfukoni, akiuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa.

Mchwa wa kwetu hula karatasi kuliko chochote. Kwa hiyo Koko alitia majani ya tumbako katikati ya kurasa, na kila Jumamosi alipangusa majalada kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Harufu ile ilimwingia mikononi, ikaingia kwenye mashati yake, hata kwenye koti lake la Jumapili. Kwangu mimi haikuwa harufu ya vitabu. Ilikuwa harufu ya Koko.

Alinifundisha kusoma kwa kufuata majina kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, tangu nyumba ya kwanza karibu na kisima mpaka ya mwisho kwenye njia ya mto. Aliniita bibi yangu, yaani mke wangu, kama mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na mbele ya watu alilalamika kwamba ameoa mke mvivu asiyejua kupika. Mimi nilimjibu kwamba hata nikipika, hana meno ya kulia. Nikikosea kusoma alisema, "Bibi yangu, unasoma kama mbuzi anashuka mulima." Nilikuwa na miaka tisa hivi, na sijui kama nimewahi kumpenda mtu mwingine kwa namna rahisi vile.

Kisha wakaja wanaume wenye bunduki. Sitawataja kwa jina. Kila mtu wa rika langu aliyekulia kule ana wake. Wetu walikuwa wakitafuta wavulana waliofikia umri wa kubeba bunduki. Akina mama wakaanza kupunguza miaka ya watoto wao. Kaka yangu Teofili alikuwa na miaka kumi na minne, lakini kwa siku moja akarudi kuwa wa miaka kumi na mmoja, na Mama akawa anamfanyisha mazoezi nyuma ya jiko. Uko na miaka ngapi? Kumi na mumoja. Usisimame wima hivyo, kunja mugongo. Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Lusangi, na habari zake zilikuwa zimekatika.

Komanda wao hakuwa mjinga. Alipita mbele ya wavulana wetu waliojikunja migongo, akasema kijiji hiki kinazaa watoto warefu sana. Kisha mtu mmoja, hatukujua kamwe ni nani, akamnong'oneza kwamba kipo kitabu chenye siku ya kuzaliwa ya kila mtoto, na katekista ndiye anayekiweka. Komanda akatangaza kwamba atarudi siku ya pili baada ya soko, amkute katekista na kitabu chake.

"Kitabu hakina mutoto," akasema. "Kitadanganya kwa ajili ya nani?"

Yanayofuata niliyajua baadaye sana, na nayaweka hapa ili msomaji asipotee kama nilivyopotea mimi. Wazee walikutana kanisani. Baadhi walitaka vitabu vichomwe siku ileile. Koko alikataa. Alisema wakivichoma, nusu ya Kabambare itakuwa haikuzaliwa na haikuoa, na siku amani itakaporudi, hakuna mtu atakayejua shamba lipi lilikuwa la nani wala nani ni ndugu ya nani. Ila alijua jambo moja juu ya wale wanaume. Dawa walizochanjwa ili risasi zisiwaingie zilikuwa na masharti, na mojawapo lilikuwa kutogusa maiti. Mtu aliyegusa maiti, dawa yake ilikufa. Basi vitabu vizikwe ndani ya jeneza, mchana, kwa kilio, kama mtu. Koko mwenyewe ajifiche kwenye shamba lake la mbali, ng'ambo ya mto. Watu wakiulizwa, waseme aliyekufa ni mwanamke mzee, mgeni kutoka Lusangi, na katekista amekwenda Kabambare.

Watoto hatukuambiwa. Mimi hasa ndiye niliyefichwa, kwa sababu nilijulikana kwa kuuliza sana na kusema sana.

Kwa hiyo asubuhi ile mimi niliamshwa na nyundo. Fundi alikuwa akipigilia mbao uwanjani kwetu, na nilipotoka niliona sanduku fupi, pana, lisilo na urefu wa mtu. Wanawake walikwisha kutandika mikeka. Mama Veneranda, jirani yetu ambaye ndiye aliyeanzisha nyimbo za msiba kijijini, alikuwa akilia kwa sauti yake kubwa. Nilisimama karibu naye nikamtazama. Katikati ya kilio alinyamaza, akamwambia mtu amfukuze mbuzi kwenye mihogo, kisha akaendelea palepale alipoishia. Mashavu yake yalikuwa makavu. Nikawatazama wengine. Wote walikuwa makavu.

Nilikuwa nimeona misiba. Marehemu alilazwa ndani ya nyumba, akina mama wakamkalia pembeni, na sisi watoto tukapitishwa kumuaga. Siku ile hakuna aliyelazwa popote, na hakuna aliyetuita. Nilimuuliza Mama nani amekufa, akasema nikae na wenzangu. Nilimuuliza Koko yuko wapi, akasema amekwenda Kabambare, na alisema hivyo huku akitazama mahali pengine.

Nikafanya kazi niliyoiweza. Nilikaa kwenye kizingiti, nikafumba macho na kufungua kitabu cha familia kichwani mwangu. Nilianza na nyumba ya kisimani, nikaja ya pili, ya tatu, ukurasa kwa ukurasa kama Koko alivyonifundisha, na kwa kila jina nilifumbua macho nikamtafuta mtu wake. Huyu yupo. Huyu yupo, anapasua kuni. Huyu yupo, ananyonyesha. Nilifika mpaka njia ya mto. Watu wote walikuwepo. Aliyekosekana alikuwa mmoja.

Nilikwenda kuchungulia kwenye ufa wa mlango wake, uliofungwa kwa kamba. Viatu vyake vya safari vilikuwa chini ya kiti. Koko hakuwahi kwenda Kabambare bila viatu vile, alisema hawezi kusimama mbele ya ofisi za watu na miguu ya shamba. Bado nilikuwa nimeshika kamba ya mlango wakati wanaume wanne walipopita na jeneza mabegani. Lilikuwa zito, walikuwa wakibadilishana mabega. Upepo ulitoka upande wao, na pamoja nao ikaja harufu ya tumbako na mafuta ya taa.

Nilijua wakati uleule. Sanduku lilikuwa fupi kwa sababu walimkunja miguu.

Nataka kueleza woga ule kwa usahihi, kwa kuwa watu wakubwa hufikiri mtoto huogopa maiti. Mimi sikuiogopa maiti. Niliwaogopa waliokuwa hai. Jana yake Koko alikula wali na sombe, majani yetu ya mihogo, akasema chumvi ni nyingi, akaimba. Hakuwa mgonjwa. Leo yuko ndani ya sanduku, watu wanaficha jina lake, na wanaomlilia hawana machozi. Nilipanga mambo hayo moja juu ya jingine, nikapata jibu moja tu: wamemuua wao. Wamemuua ili asimpe komanda kitabu. Na Mama amekubali, kwa ajili ya Teofili.

Nilianza kulia. Nililia kimya, kwa sababu niliogopa kusikiwa.

Wale wanaume walifika mchana, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Walikuwa wanane, komanda mbele, amevaa kofia nyekundu ya sufi ingawa jua lilikuwa kali. Walisimama mbali kidogo na mikeka ya msiba. Komanda aliuliza nani amekufa. Mama akajibu kama walivyokubaliana: mgeni wetu, mwanamke mzee wa Lusangi, alifika mgonjwa, hatukumjua sana. Na katekista? Alikwenda Kabambare, komanda.

Komanda aliwatazama wanawake mmoja mmoja, bila haraka. Nafikiri aliona nilichokiona mimi. Kisha macho yake yakanifikia, na kati ya watu wote uwanjani mimi peke yangu nilikuwa na uso uliolowa.

"Wewe, mutoto. Kuya hapa."

Nilikwenda. Alichuchumaa, bunduki magotini, uso wake ukawa sawa na wangu. Aliniuliza kama yule mama wa Lusangi nilikuwa nampenda sana. Niligeuka kumtazama Mama. Macho yake yalikuwa yakiniambia jambo kwa nguvu zake zote, nami niliona ndani yake kitisho.

"Usimuangalie mama yako. Niangalie mimi. Nani iko mule ndani?"

"Koko."

"Koko gani?"

"Koko yangu. Katekista. Walimukunja miguu."

Mama Veneranda alinyamaza. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kusali kwa sauti ndogo, na Teofili, aliyekuwa ameegemea ukuta wa jiko na mgongo uliokunjwa, akasimama wima bila kujua.

Hapo Mama alilia kweli. Alianguka kwa magoti na mikono miwili kwenye udongo, kilio kikamtoka kama kitu kilichopasuka. Niliamini analia kwa sababu nimemfichua. Leo najua alilia kwa sababu aliona nimewaua wote: Teofili kwanza, kisha yeye, kisha nyumba zote za kitabu kile. Wangechimba, wangekuta karatasi, na kila uongo wa kila mama ungeandikwa pale kwa wino. Lakini alipokuwa bado chini, katikati ya kilio, aliona njia, akaikamata.

"Tuliogopa, komanda," akasema. "Ulisema unamutaka yeye. Woga ulimuingia moyoni, moyo ukasimama. Tukasema ukisikia amekufa, hasira yako itaanguka juu yetu."

"Na vitabu?"

"Yeye ndiye alijua alikoviweka. Hakutuambia."

Komanda alinyoosha mkono akaweka kiganja kifuani pangu, kama muuguzi, akasikiliza moyo wangu ulivyokuwa ukipiga. Kiganja kilikuwa na joto. Nilihisi mkojo ukinishuka miguuni. Alikaa hivyo muda, akinitazama, kisha akainuka na kuwaambia wenzake, "Hawa wote wanadanganya. Huyu hapana."

Kijana wake mmoja alisema wachimbe, wahakikishe. Komanda akamuuliza kama yuko tayari kushika maiti na kurudi vitani bila dawa. Kijana akarudi nyuma. Komanda akampita Teofili, akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, na Teofili akasema kumi na mumoja kabla hajaulizwa. Mwanamume mmoja akacheka. Komanda hakucheka. Alisema vijana wa msiba wana mkosi, hawafai kuongozana nao, akaenda zake, na wengine wakamfuata kwenye njia ya Wamaza.

Nilitegemea nitapigwa. Mama alinivuta ndani, akafunga mlango, akanishika mabega na kuniuliza nani aliniambia ni Koko. Nilimwambia nilisikia harufu yake. Nakumbuka midomo yake ilifunguka, na nakumbuka ilivyofungwa tena. Kisha akachukua wembe, akaninyoa nywele zote, kama wanavyonyolewa waliofiwa.

Hakuniambia. Hakuniambia siku ile wala wiki ile, wala mwezi uliofuata. Wale wanaume waliendelea kupita kila baada ya siku chache, na kila walipopita komanda aliuliza mutoto wa katekista iko wapi. Mama alinitoa nje. Komanda aliutazama uso wangu, akaona mtoto aliyekonda, mwenye kipara, asiyecheka, akaridhika. Majirani nao walinitazama kwa namna moja, kwa huruma na kwa kitu kingine nilichokiona kama hila. Mama Veneranda, aliyezoea kunitania, alinipa ndizi na kukimbia machozi yangu.

Nilikuwa nikilala nikiwa nimeshika shati la Teofili. Nilikataa kula mpaka nione yeye amekula kutoka chungu kilekile. Nilihesabu visu vya jikoni asubuhi na jioni. Nilichokiogopa kilikuwa wazi: nilikuwa nimemtaja marehemu, siri yao ilitoka kwa kinywa changu, na mtu wa pili kukunjwa miguu ningekuwa mimi. Sikumwambia Teofili, kwa sababu sikujua yuko upande gani. Yeye aliambiwa ukweli siku ya tatu. Alikuwa mkubwa, aliweza kuubeba.

Kila siku ya pili Mama alikwenda shamba la mbali, ng'ambo ya mto, na kapu lililofunikwa. Nilichunguza kapu hilo. Lilikwenda na wali wa mtu mzima na samaki, likarudi tupu, na Mama hakuwa ameshiba. Mara moja lilikwenda na shati la Koko. Niliwaza: anamlisha. Amemuua, na sasa anampelekea chakula ili asirudi kutudai. Siku moja nilimfuata mpaka ukingo wa mto. Ng'ambo niliona moshi mwembamba kati ya mihogo, na kikohozi kikaja juu ya maji, kikohozi nilichokijua tangu nilipozaliwa. Nilikimbia kurudi bila kutazama nyuma.

Kiangazi kilipokolea wale wanaume waliondoka. Ilisemekana wamegombana wao kwa wao, wakatawanyika misituni upande wa pili. Tulisubiri siku mbili, tatu za soko, hawakurudi. Kisha mapadri walituma mjumbe kwa pikipiki kutoka Kasongo: kama vitabu bado vipo, viletwe.

Waliamua kuchimba asubuhi, watu wote wakiwepo. Nilipoona majembe yanaelekea kaburini nilikwenda kujificha kanisani, nyuma ya ngoma. Nilisikia udongo unavyopigwa. Nilisikia ubao ukigongwa. Nilisikia, na hapo ndipo nilipoziba masikio, watu wakicheka. Baadaye Teofili aliingia kunitafuta. Alikuwa na furaha usoni, akanishika mkono na kusema, kuya, Koko amerudi. Nilimng'ata. Alinibeba nikipiga mateke mpaka uwanjani.

Alikuwa amesimama pale, kando ya shimo, amekonda, ndevu nyeupe zimemjaa, amevaa lile shati lililoondoka kapuni. Miguu yake ilikuwa imenyooka. Alifungua mikono. "Bibi yangu," akasema, "umenyoa kichwa? Nilikuacha na nywele."

Nilipiga ukelele ambao Teofili anaukumbuka mpaka leo. Nilijinasua mikononi mwake nikarudi nyuma mpaka ukuta wa jiko ukanizuia. Watu waliacha kucheka. Koko alipiga hatua moja, akaona ninavyotetemeka, akasimama. Hapo nadhani ndipo alipoelewa nilivyoishi miezi ile. Alimtazama Mama. Mama alitazama chini.

Hakunikaribia. Aliinama kwenye jeneza lililofunguliwa, akavitoa vitabu kimoja baada ya kingine, akakitafuta alichokitaka, akaja nacho nusu ya njia kati yetu. Alikiweka chini kwenye mkeka, kikiwa kimefunuliwa, akarudi mpaka ukingoni mwa shimo na kukaa kwenye kilima cha udongo.

"Hicho ni kitabu cha wafu," akasema. "Unajua kusoma. Soma, uniambie kama niko mule."

Sijui ilichukua muda gani kabla sijatoka ukutani. Watu walisubiri, na hakuna aliyeniharakisha. Nilisogea kwa magoti. Kurasa zilikuwa na unyevu, wino umetanuka kidogo, lakini maandishi yalikuwa ya Koko na niliweza kuyasoma. Nilianza mbali, kwa sababu sikumwamini, nikafuata majina kwa kidole. Mtoto mchanga wa nyumba ya kisimani. Mzee mmoja wa njia ya Wamaza. Mama aliyefariki akijifungua. Mwingine, na mwingine. Nilifika kwenye jina la mwisho, mtoto wa miezi minne, na chini yake karatasi ilikuwa nyeupe. Nikafunua nyuma, nikasoma tena. Nikahesabu kurasa nione kama kuna iliyochanwa. Nikasoma mara ya tatu.

"Haumo," nikasema.

"Basi," akasema Koko.

Mama alikuja hatua mbili, jembe bado mkononi. Alisema maneno ambayo nimeyageuzageuza miaka yote hii. "Ungejua, ungecheka. Ungecheka mara moja tu, na yule mutu alikuwa anaangalia uso yako, si yangu. Sikuwa na kitu kingine cha kumuonyesha."

Sasa mimi mwenyewe ni mama. Nina mtoto wa umri ule, na nimeipima sababu ya Mama kila upande. Sioni ambacho angefanya tofauti. Kijiji hakikupoteza mvulana hata mmoja. Teofili ana wajukuu. Majina ya wazazi wa bibi yangu niliyapata siku ileile, niliporudi kutoka kwenye ngazi na kumwomba sekretere anifunulie tena: mama yake alitoka Lusangi, baba yake hakujulikana kwao, na vyote viwili viliandikwa kabla Koko hajawa katekista.

Lakini asubuhi ile sikuwa mama. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nilifunga kitabu, nikazunguka mkeka kwa upande wa mbali, nikaenda kukaa juu ya udongo karibu na Koko, bega langu likigusa lake. Mama akabaki amesimama peke yake ng'ambo ya shimo.